Kicheko Kilichonipeleka Dodoma

Niliondoka Gulwe kwa sababu ya kucheka. Kila nikicheka au kukohoa, kisogo kiliniuma kama kinapasuka, na siku za karibuni vidole vilikufa ganzi hata vikombe vikawa vinaniponyoka. Na anayenichekesha kuliko wote ni shemeji Ndahani, mdogo wa mume wangu. Mume alikuwa shambani, mvua zimeanza, hivyo Ndahani ndiye akapewa kazi ya kunisindikiza hospitali. Mama mkwe akapiga marufuku utani wote.

"Ukimchekesha, usirudi hapa!"

Asubuhi, ndani ya treni. Ndahani alikaa kimya, mfuko wangu mapajani, uso umemshuka. Mama mmoja aliyetuelekea akatuonea huruma.

"Poleni na msiba, wanangu. Marehemu ni nani?"

Ndahani akanitupia jicho. "Bado, mama."

Nilicheka huku nimeshika kichwa kwa mikono miwili, machozi yananitoka. Yule mama akanifunika kanga yake, akaanza kuniombea. Ndahani aliapa hakutania: kaulizwa, kajibu.

Dodoma mjini. Baada ya kupigwa picha ya kichwa, daktari aliutaja ugonjwa: Chiari.

"Sehemu ya chini ya ubongo wako imeshukia kwenye tundu la fuvu, mama. Imebana njia ya maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. Ukicheka yanasukumwa, hayapati pa kupita."

"Kama kalavati la reli likijaa mchanga," nikasema. Gulwe tunayajua hayo; kila mvua zikija reli hufurika.

"Ndiyo. Ila sisi mchanga hatuuzoi. Tunapunguza mfupa, mlango upanuke."

Niliogopa, nasema kweli. Kupasuliwa kisogo si kunyolewa nywele. Ndahani aliuliza swali moja tu: "Atacheka tena?"

Wiki zikapita, nikapasuliwa, nikaruhusiwa.

Kurudi Gulwe. Mama mkwe alitupokea stesheni, akanitazama juu hadi chini.

"Kapona?"

"Sijui, mama. Sijamjaribu," akasema Ndahani.

"Haya, mtanie tuone."

Ndahani, ambaye hajawahi kukosa neno hata msibani, akafungua mdomo, akaufunga. Akaufungua tena. Hakuna kitu! Nikaangua kicheko, mkono kisogoni, nikingoja maumivu. Hayakuja. Mama mkwe akaketi kwenye mzigo wangu, akalia.

Nimejifunza kwamba kicheko hakikuwa na kosa; njia ya maji ndiyo ilikuwa nyembamba. Ndahani naye amerudia kazi yake ya utani. Kila asubuhi husimama nyuma yangu, akalielekea kovu, akapaza sauti: "Hodi!"