Wiki Mbili za Siafu

Binti wa fundi cherehani aliitwa Siafu tangu ana miaka kumi, na jina likamkaa. Mfupi, mweusi, na akishika kitu haachii. Mpira wa magongo aliuanza kwa sababu timu ya shule ilipungukiwa mtu mmoja na yeye alikuwa amesimama karibu. Hakuna cha ndoto wala maono. Kufikia miaka kumi na tisa alikuwa amevaa jezi ya taifa mara kumi na moja, na kila jezi mama yake aliibana upya kiunoni, maana waliozishona, alisema, walidhani wanavika magunia.

Kazi yake uwanjani ilikuwa ya kichaa. Wapinzani wakipata kona fupi, kipa na mabeki wanne hujipanga kwenye mstari wa goli, wamevaa barakoa za kukinga uso, na mpira ukitolewa tu mmoja wao lazima achomoke mbio kumkabili mpigaji. Mpira wenyewe unavunja meno. Huyo anayechomoka huitwa mkimbiaji wa kwanza, na huyo ndiye alikuwa Siafu. Mama yake alienda kutazama mechi moja tu. Kipindi cha kwanza hakijaisha akatoka, akakaa nje karibu na geti. Tangu siku hiyo alitaka kuambiwa matokeo, basi.

Kisa cha neno “toka” Siafu alikileta nyumbani kama kichekesho. Timu ya taifa ilikuwa na kambi ya kutwa kujiandaa na mashindano, na akaja kipa mpya kutoka klabu nyingine. Kwenye klabu ya Siafu, “toka” maana yake chomoka, mvamie mpigaji. Kwenye klabu ya kipa, “toka” maana yake nipishe, unaniziba. Sasa siku ya kwanza ya mazoezi kona imeshapigwa, Siafu kashavua barakoa kaitupa, mpira ukamrudia mpigaji. Kipa akapaza sauti, toka! Siafu akatoka kweli. Mpira ukampata juu ya jicho la kushoto. Kocha aliwagombeza wote wawili, akatangaza kwamba kuanzia leo kipa akitaka kupishwa aseme “pisha”, na timu nzima ikacheka mpaka machozi. Siafu alisimulia huku akiiga sauti ya kipa. Mama naye alicheka, ila machale yalimcheza, akamsogeza dirishani kutazama kile kidonda cha nyuzi tatu.

Siku mbili baadaye Siafu aligonga bega la kushoto kwenye fremu ya mlango, mlango alioupita tangu anatambaa. Kesho yake akamimina chai nje ya kikombe. Jioni ile mama alimpa sindano amtungie uzi, kazi yake tangu utotoni. Siafu akalamba uzi, akachoma hewa pembeni ya tundu. Akarudia. Mara ya tano akafumba jicho la kushoto na uzi ukapita.

“Tangu lini?” mama aliuliza.

Siafu akajitia hamnazo. Mama akaondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani, akangoja. Basi yakamtoka yote: kwanza aliona cheche, kama za mtu anayechomelea vyuma, halafu vidoa vyeusi vinaelea, na sasa kuna kivuli kimeshuka upande mmoja, kama pazia. Daktari wa timu aliwapima kwa ubao wa herufi, lakini Siafu alikaa mwisho wa foleni na kuzishika herufi zote kwa kusikiliza wenzake. Alilisema hilo kwa majivuno kidogo, mtoto mjinga yule.

“Wiki mbili tu, mama. Mashindano yakiisha naenda hospitali mwenyewe. Ukisema sasa hivi, wananiacha.”

Haya, hapa mtu atauliza ni mama gani huyo. Kuuliza ni rahisi. Siafu alipokuwa na miaka kumi na tano aliteuliwa kusafiri na timu ya vijana, na mama akakataa kutia saini, kwa woga tu. Mtoto hakuzungumza naye mwezi mzima. Alikuwa anaamkia, anakula, anaosha sahani, basi. Mama aliapa hatarudia kuishi mwezi kama ule. Kwa hiyo alikaa na pini mdomoni, akafikiri, akazitoa moja moja na kuzichomeka kwenye mto wake.

“Wiki mbili,” alisema. “Zisizidi.”

Timu ikaondoka. Kila asubuhi mama aliazimia kumpigia daktari wa timu, na siku moja alifika tarakimu ya saba, akakata. Wateja walikuja kuchukua nguo wakampongeza kwa binti, akaitikia, akakosea vipimo vya watu. Siafu alituma picha ya timu. Wote walitazama mbele; yeye alikuwa amegeuza kichwa kushoto, ili jicho la kulia lipate kamera. Jirani alisema mtoto anajua kupozi. Mama alirudi ndani akakaa kitandani.

Na alicheza, we! Mechi ya mwisho alizima kona fupi tatu, mtangazaji akalia Siafu, Siafu, na mtaa mzima ukapiga vigelegele. Wakapata nafasi ya tatu. Halafu zikaja sherehe za kuwapokea, mara hotuba, mara picha na wakubwa, na wiki mbili zikawa tatu na ushee. Siku aliporudi, mama alisimama upande wa kushoto wa njia, ananyoosha mikono. Siafu alimpita hatua mbili, bado anamtafuta.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, na upole wake ndio ulitisha. Alieleza kwamba utando wa nyuma ya jicho umebanduka wote. Wangeuwahi siku zile za mwanzo wangeurudisha. Sasa watapasua waokoe kidogo kitakachookoka, lakini jicho hilo halitasoma wala kuona mpira tena, na uwanja autoe akilini. Siafu hakulia. Alitazama medali iliyokuwa mapajani, aliyoileta kumwonyesha daktari.

“Muda wote huo, nyumbani hakuna aliyegundua?” daktari aliuliza.

“Hakuna,” Siafu akawahi kujibu. “Nilimficha hata mama.”

Daktari akaweka kalamu chini, akamgeukia mama.

“Pole sana, mama yangu.”

Mama alifungua mdomo. Chini ya meza binti alikuwa amemkamata mkono, anauminya.

“Asante, daktari,” mama akasema.