Kijiprogramu cha Coletha

Wivu wa Fikirini ulianza siku Coletha alipomaliza kwa siku nne kile kilichomtoa yeye jasho miezi sita.

Mwaka 1988 kiwanda chao cha pamba kilikuwa na kompyuta mbili za kampuni tofauti, moja Shinyanga mjini, nyingine Kahama. Programu ilikuwa moja, kaiandika Fikirini kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, ya kupanga marobota kwa uzito kabla ya kupakiwa. Lakini marobota yakilingana uzito, kila mashine iliyapanga ijuavyo yenyewe, na wapakiaji wakashikana mashati.

Coletha, binti wa Ushirombo aliyetoka masomoni juzi tu, hakuigusa programu. Aliandika kijiprogramu chake cha kupanga, akakipa jina lilelile la kile kinachokuja na maktaba ya C, yaani mkusanyiko wa vijiprogramu vilivyo tayari. Mashine ikikuta cha Coletha, cha maktaba inakiacha. Orodha zikalingana.

Meneja Mihayo akasifu weee! Akasema Ijumaa, kulekule Kahama, baada ya majaribio, yeye mwenyewe atamtangaza mkuu mpya wa kompyuta. Fikirini, miaka kumi kazini, alikosa usingizi. Wivu ni kidonda, na chake kilishaota usaha.

Alhamisi, Coletha alipokwenda kunywa chai, Fikirini alilifuta faili la binti huyo kwenye disketi ya kupeleka Kahama, aliyokabidhiwa yeye kuitunza, bila hata kulifungua. Alitaka programu igome, binti aaibike. Akaijaribu palepale; haikugoma. Ilikosa cha Coletha, ikachukua cha maktaba kimyakimya, ikaandaa orodha safi kabisa.

"Kumbe hata hakikuwa na kazi!" akacheka peke yake.

Ijumaa, Kahama, orodha ya huko na ile ya Shinyanga zikapishana mbele ya watu wote.

"Bhebhe, wewe Coletha, nini tena hiki?" akafoka Mihayo.

"Shikamoo meneja, samahani. Faili halimo. Lakini nilichapa nakala yake." Akatoa karatasi mkobani.

Mihayo akasoma mstari wa kwanza kwa sauti: "Wazo ni la kaka Fikirini, aliyesema: cha maktaba kisipotutosha, tushone chetu."

Fikirini akakumbuka. Alilisema kwa utani, wakila mihogo.

"Ni kweli, kaka," Coletha akasema. "Nilitaka meneja aone leo, kabla hajatangaza."

Mihayo akamgeukia Fikirini. "Sasa wewe mwenye wazo, disketi ilikuwa kwako. Nani kalifuta?"

Fikirini akausoma mwenyewe mstari ule wa kwanza. Kafuta yeye, na jina lililofutika lilikuwa lake.