Jina Ambalo Mbinya Hakulitamka

Kalunde alikuwa jirani yangu wa ukuta mmoja pale Kitui mjini, mimi kwenye cherehani, yeye kwenye taipureta. Kama kuna mtu aliyejua kufunga mdomo katika mji ule, ni yeye. Nasema hivyo mimi ambaye mdomo wangu hauna hata kitasa. Tulikaa baraza moja tangu alipoacha kazi ya kuchapa barua katika ofisi za serikali, katikati ya miaka ya themanini, na muda wote huo sikufaulu kumtoa neno juu ya mteja. Si kwamba sikujaribu. Nilimpelekea chai, nikampelekea muthokoi wa moto, nikamwuliza kwa upole yule mwalimu wa Mutomo aliyetoka akilia ameandika nini. Kalunde alikunywa chai, akala muthokoi, kisha akaniambia gauni la mke wa pasta nimelikata fupi.

Siku hizo siri ilikuwa na mwili. Barua ikichapwa kwa nakala, ile karatasi ya kaboni ilibaki na kila neno, na ukiiinua kwenye mwanga unaisoma yote. Wachapaji wengine waliitumia kaboni moja mpaka ikachakaa kama soli ya kiatu. Kalunde alitumia mpya kwa kila barua ya moyoni. Akimaliza, alitoka nje na mteja wake, akafungua pasi yangu ya makaa, akaitumbukiza kaboni ndani, wakaitazama wote wawili mpaka ikawa majivu. Wanawake walitoka Matinyani na kwingineko, wakapita wachapaji wengine njiani, kwa sababu ya pasi yangu. Hilo nalisema kwa majivuno, maana makaa yalikuwa yangu.

Basi mwaka wa tisini na tisa kompyuta ikaja. Aliyeileta ni fundi kijana aitwaye Kisilu, aliyesomea Nairobi, akavuta waya wa simu dirishani, akamwonyesha Kalunde jinsi barua inavyofika Ulaya kabla chai haijapoa. Kalunde alitazama mambo yote hayo mikono ikiwa kifuani.

“Na kaboni yake iko wapi?” akauliza.

Kisilu akacheka. “Mama, hii haina kaboni.”

“Kila kitu kinachoandika kina kaboni.”

Kijana akamwonyesha picha ya kufuli, ndogo kama punje ya mtama, pembeni chini ya skrini. “Ukiona haka kakufuli, jua hakuna mtu anaweza soma. Hata mimi nimeweka hii programu siwezi. Kitu imebaki ni pasiwadi tu. Kila mtu achague neno moja, lile hawezi kusema mbele ya watu hata akichapwa.”

Kufuli ile ilimteka Kalunde. Yeye aliyekuwa akilinda siri za watu kwa moto aliipenda kama mtu anavyompenda mjukuu. Aliifuta vumbi kwa kitambaa, ingawa ilikuwa ndani ya kioo. Akaanza kufikiria ni neno gani ambalo mwanamke wa kwetu hawezi kulisema, na hapo akapata wazo ambalo sote tuliliona limetoka kwa Mungu.

Kwetu Ukambani mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake. Hiyo ndiyo nthoni, haya ya ukwe. Kama mzee anaitwa Mbua, ambalo kwetu ni mvua, basi mvua ikinyesha wewe utasema maji yamekuja. Humpi mkono, humkazii macho, ukikutana naye njiani unampisha vichakani, na ukiwa na la kumwambia unalipitisha kwa mama mkwe. Ulimi ukiteleza ukalitaja jina lake, unatoa mbuzi. Tumeokoka, tunaimba kwaya, lakini nthoni hatujaiacha mlangoni mwa kanisa.

“Neno ambalo hujawahi kulitoa kinywani tangu uolewe,” Kalunde aliwaambia kina mama kwenye ushirika wetu wa kanisani, “kuna kufuli gani kupita hiyo?” Tukapiga makofi. Tulirudi nyumbani tukichekelea, kila mmoja na jina la mkwe wake kama peremende chini ya ulimi.

Miongoni mwa waliopiga makofi alikuwamo Mbinya, mke wa Ndeti, wa kule Matinyani. Ndeti alikuwa fundi wa magari, kazi ilikuwa imempeleka mpaka Gaborone, na aliondoka mtoto wao akiwa bado tumboni. Msichana yule alikuwa sasa anakimbia, anaita kila mwanamume mwenye ovaroli “baba”. Mume na mke walikuwa wameamua kuishi pamoja: Ndeti atume tiketi, Mbinya na mtoto wamfuate. Barua za posta zilichelewa na nyingine zilipotea, kwa hiyo Kalunde alimfungulia Mbinya sanduku la barua pepe na kumfundisha kulitumia. Anwani ya sanduku hilo na ya Ndeti ziliandikwa kwenye kipande cha kalenda, kikabandikwa ukutani kwa mama mkwe, ili hata asipokuwapo, Ndeti aweze kupashwa habari za nyumbani.

Kila siku ya soko Mbinya alikuja, akasoma, akatoka anatabasamu na kununua ndizi. Kisha Ndeti akanyamaza. Mbinya alikuja akakuta sanduku tupu, akaja tena likawa tupu. Halafu ikaja barua fupi: “Nimekuelewa. Sitakusumbua tena.”

Mbinya hakuelewa Ndeti ameelewa nini. Kalunde akabonyeza mahali panapokaa barua zilizokwisha kutumwa, na pale, chini ya jina la Mbinya, palikuwa na maneno ambayo Mbinya hakuyaandika: “Usitume tiketi. Siji huko. Nimezoea kuishi bila wewe.”

Niliacha kushona, nikachungulia mlangoni kwao. Mbinya alimgeukia Kalunde polepole.

“Mama, ni mimi na wewe tu tunajua kufungua hii kitu,” akasema.

Sijapata kuona mtu akichomwa hivyo. Kalunde, aliyetunza siri za nusu ya wilaya, alichukua kile kitambaa chake cha vumbi, akaifunika mashine. Mbinya akambeba mtoto wake, akaondoka. Wiki haikuisha, kina mama wale wale wa makofi walianza kupita upande wa pili wa barabara, shingo zimekakamaa. Nimewakasirikia mpaka leo. Mmoja alileta sketi nimpunguzie kiuno, nikampunguzia zaidi ya alivyotaka.

Kalunde alimpigia Kisilu simu. Kijana akaja, akaangalia alivyojua kuangalia, akasema, “Mama, programu haijavunjwa. Mwenye aliingia, aliingia na ufunguo. Inaweza kuwa ni kompyuta yoyote, hata ya pale stendi.”

Kalunde alikaa na neno hilo siku nzima. Kesho yake alifunga duka, akaniambia, “Mama Mutindi, chukua leso, twende Matinyani. Mimi sijui kugombana. Nataka mtu wa kelele awe karibu.” Nilichukua leso.

Tulimkuta Mbinya akichota maji. Kalunde hakujitetea. Alimwuliza kitu kimoja tu: “Neno lako la siri, ulichagua lile nilifundisha?”

“Ndiyo.”

“Na hilo jina, hapa nyumbani, nani analitamka?”

Mbinya akatua mtungi. Nililiona wazo likimfikia, na mimi likanifikia wakati huo huo, nikashika kichwa. Sisi wanawake tulikuwa tumejifungia kwa neno ambalo ni sisi tu tusiolisema. Kwa mtoto wa kiume wa nyumba ile, lilikuwa ni jina la baba yake basi.

Baba mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na zizi, anasokota kamba. Mji mzima ulimwita Baba Ndeti, na hata mimi sikujua jina jingine. Mama mkwe alikuwa anapepeta mbaazi. Muthama, mdogo wake Ndeti, ndiye aliyebaki nyumbani kulima na kuchunga, na alikuwa anatengeneza jembe, mkewe Nzilani akiwa pembeni. Kalunde alisalimu, akaeleza yaliyotokea. Mbinya alisimama nyuma ya mama mkwe, uso pembeni kama inavyotakiwa.

Muthama hakuinua macho. “Hiyo mashine iko na kufuli, kila mtu amesikia mkijisifu nayo kanisani. Mwenye kuifungua ni huyu na huyu mchapaji wake. Wakosane huko kwao mjini, wasituletee hapa.”

“Hiyo kufuli inafunguliwa na nini?” mzee akauliza.

“Na neno, Baba,” Kalunde akajibu.

“Neno gani?”

Kalunde akamtazama Mbinya, maana neno si lake. Mama mkwe akamgeukia Mbinya angojee jibu, alipitishe kwa mumewe kama siku zote. Mbinya angeweza kuinamisha kichwa, na mambo yangeishia pale, na Ndeti angeendelea kuamini kwamba mkewe amezoea kumkosa. Alimtazama binti yake aliyekuwa akifukuza kuku, kisha akatoka nyuma ya mama mkwe na kumkabili mzee uso kwa uso.

“Kiilu,” akasema.

Ungo wa mbaazi ulianguka. “Aiya!” mama mkwe akalia, akajiziba mdomo kana kwamba ni wake uliokosa. Mzee aliiweka kamba chini. Nami wa kelele, niliyeletwa kwa ajili hiyo, sikuwa na kelele hata moja.

“Wewe uliyezaliwa mbali huko Kasikeu,” mzee akamwambia Kalunde mwishowe, “ulikuwa unajua jina langu?”

“Sikulijua. Nakujua Baba Ndeti.”

“Watu wa rika langu wameshazikwa. Hilo jina limebaki kwa mama yenu huyu, ambaye hajui kusoma, na kwa wanangu. Ndeti yuko mbali.” Akamgeukia Muthama, akamtazama tu.

Nzilani ndiye aliyeanza kulia, amemgeukia mumewe. “Nilikuambia tukicheka, Baba Kaluki. Nilikuambia ile siku tumetoka ushirika, vile tumefundishwa kuweka jina la mkwe, nikafikiri tunacheka tu.”

Muthama aliweka jembe chini. “Mkienda wote, mimi nabaki na nani?” Sauti yake ilikuwa ya mtoto. “Ndeti alisema anaenda mwaka mmoja. Sasa anachukua bibi na mtoto. Kiangazi kikikuja ni mimi, ng'ombe zikianguka ni mimi, nyinyi mkizeeka ni mimi. Nikafikiri huyu akibaki, yule atarudi.”

Nilikuwa nimekuja nimchukie, na nilifaulu nusu tu. Lililobaki lilikuwa huruma.

Mzee akajikohoza. “Jina langu limetajwa, na mbuzi lazima atoke. Lakini huyu mama hatatoa. Atatoa aliyemfungua mdomo.” Kisha akasema, taratibu zaidi, “Na tukishamla, nthoni imekwisha kati yangu na yeye. Atanisalimia kwa mkono.”

Mbuzi alikuwa wa Muthama, yule mweupe aliyempenda. Siku aliyochinjwa sote tulikula, na Muthama ndiye aliyemkatia Mbinya kipande cha kwanza.

Lilibaki la Ndeti. Barua nyingine ya mashine ingemfaa nini, na ile ya uongo ilitoka kwenye sanduku lile lile? Mzee akaja mjini na koti lake la harusi, Muthama akimfuata. Kalunde akapiga simu kwenye gereji ya Gaborone, mzee akaongea kwa sauti ya kumfikia mtu bila waya. Barabara nzima ilisikia. “Mkeo hakuandika ule upuzi! Aliyeandika yuko hapa, anakuja kuongea! Lakini kwanza ujue, mkeo ameniita jina mbele ya watu kwa ajili yako! Wewe umefanya nini kwa ajili yake?” Akampa Muthama simu. Muthama alisema kidogo, akasikiliza sana, akapangusa uso.

Kina mama walirudi mmoja mmoja, na visingizio vyao. Kalunde aliwapokea wote, kitu ambacho mimi nisingefanya. Lakini hakuwaambia tena kwamba mashine inatunza siri. Aliwaambia, “Kufuli ni nzuri. Mimi sikuuliza vizuri ni nani yuko ndani ya nyumba.” Aliwaketisha mmoja mmoja wabadilishe maneno yao, na kila mmoja alipokuwa akibonyeza, Kalunde aligeuza uso ukutani mpaka aambiwe tayari. Mbinya alilijaribu la kwake kwanza kwenye karatasi. Kalunde aliikunja bila kuisoma, akatoka nje, akafungua pasi yangu.

Tiketi zilikuja. Siku ya safari tulikwenda stendi, Muthama amebeba sanduku begani, mtoto akiuliza kila utingo kama Gaborone ni pale. Mzee alikuwa ametoka Matinyani alfajiri. Alimpa Mbinya mkono, na akauzuia wa Mbinya ndani ya mkono wake.

“Hakuna tena mtu wa kuniita,” akasema. “Niite mara moja, ndiyo uende.”

“Kiilu,” Mbinya akasema, kwa sauti ya chini.

“Ĩĩ,” mzee akaitika, kisha akageuka upesi, akajifanya anakagua kama mizigo imefungwa vizuri.