Mkono Uliozoea Sufuria Kubwa

Siku yangu ya kwanza kazini sikupika chochote. Nilikata vitunguu kwenye hoteli moja mjini Meru mpaka macho yakakataa kufunguka. Mwenye hoteli alikuwa mama wa Kiislamu, mke wa mwenye malori, na sote tulimwita Mama Hoteli. Jioni akaniita kwenye sufuria. Vitunguu vilikuwa vimeanza tu kulainika, nami nikataka kumwaga nyanya.

"Bado," akaniambia. "Mchuzi huharibikia hapa. Ngoja viwe vya kahawia."

Nikangoja. Nyinyi wa siku hizi mnaotupa kila kitu kwenye maji na kupasua pakiti ya viungo juu yake, mnanichosha. Kitunguu kwanza. Kisha tangawizi na kitunguu saumu vilivyopondwa, halafu bizari, ule unga wa manjano, uukaange kidogo tu kwenye mafuta, maana ukiungua unakuwa mchungu. Ndipo nyanya, na unakoroga mpaka mafuta yajitenge pembeni. Nyama, kisha maji. Basi.

Kutoka Meru nilihamia shule ya bweni upande wa Siakago. Joto la huko, juu yake moto wa kuni! Mkubwa wangu alikuwa Bwana Stoo, aliyetupimia mafuta kama dawa ya kikohozi. Kwa chumvi hakuwa na ubahili. "Watoto ni wengi," alisema. "Tia kwa kiganja, hizo habari za kijiko ziache mjini." Nikatia kwa kiganja mpaka mgongo ukapinda.

Nyumbani Kianjai sikupika. Mke wangu, Mama Mutuma, hakutaka mwanamume jikoni kwake, na harufu ya bizari hakuipenda hata kidogo. Nikija likizo, shati langu lenye madoa ya manjano lilitundikwa nje. Sikubishana naye. Mtu aliyeshinda kwenye moto anataka kukaa tu aletewe chakula.

Nilistaafu nimechoka kweli, sitaki hata kuona mwiko. Halafu Mama Mutuma akaugua, na hata homa ilipoisha hakurudia kula. Uji aliusukuma kando. Mukimo, ule mseto wetu wa viazi na mahindi, hakuutazama. Alikonda mpaka nikaogopa kumpoteza, na hilo silifichi. Asubuhi moja nikachinja kuku, nikaingia jikoni kwake.

"Baba Mutuma, toka huko," akaniita kutoka kitandani. "Watu watasema nini?"

Nikamjibu waseme. Nikakaa kwenye kigoda chake, magoti yakiniuma, nikangoja vitunguu viwe vya kahawia. Kila kitu kilienda sawa mpaka kwenye chumvi. Hapo mkono ukaenda wenyewe: kiganja kizima, kwa kuku mmoja! Nikaongeza viazi na maji, lakini wapi. Kuku mwingine sikuwa naye. Nikampelekea hivyo hivyo.

Alionja. Akala kiazi kimoja, kisha cha pili, kisha nyama kidogo. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kama mwanagenzi.

"Hii ni chumvi tupu," akasema, akinirudishia bakuli. "Kesho upunguze."

Nimefokewa na wakubwa wengi katika maisha yangu ya kazi, na wote waliniudhi. Siku hiyo nilienda nyuma ya nyumba nikalia kidogo. Kisha nikavaa viatu, nikaenda sokoni kununua vitunguu vya kesho.