Pula Yenye Mguu wa Kuchomelea

Pula ile, kifaa cha kuvutia beringi, niliinunua mnadani Katesh kwa bei ya chini, kwa sababu mguu wake mmoja ulikuwa umewahi kukatika ukachomelewa. Ufa uliobaki hapo nilimwonyesha muuzaji mimi mwenyewe, nikaueleza ubaya wake mpaka akachoka. Siku tatu baadaye, kando ya ziwa Basotu, nilikuwa nautazama ufa uleule na kujuta kuwa hodari wa kubishana.

Injini ya boti ya baba mkwe ilikuwa inaingiza maji. Mafuta ya gia yalitoka meupe kama chai ya maziwa. Sili, ule mpira unaozuia maji, imekufa, na kuifikia lazima kwanza utoe nyumba ya beringi, kikombe cha chuma kilichojibana nyuma ya pangaboi. Hakipigwi nyundo, kinavutwa: miguu miwili ya pula inakishika kwa ndani, bolti ya katikati inasukuma ekseli, nawe unakaza kwa spana mpaka kiachie. Mimi nauza spea za mtumba, si fundi. Lakini mbele ya mkwe nilijitia fundi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Haya, tuone."

Na kweli alitaka kuona. Macho yake yamefifia, kwa hiyo alichuchumaa nyuma kabisa ya pula, uso wake shubiri moja kutoka kwenye bolti. Mguu ukikatika, ungemrukia usoni. Nikahesabu macho yake: mawili. Nikahesabu tena.

Kwetu mkwe humwambii asogee. Hata kumpita mbele, unazunguka.

Nikakaza robo mzunguko. Kikombe kimya. Nikaongeza robo. Bolti ikalia kama mtu anayesaga meno usingizini.

"Baba, hapo jua linakuchoma."

"Jua hili nimezeeka nalo."

"Basi upumzike kidogo pale kwenye boti."

"Nani kachoka? Wewe ndiye unatokwa jasho kama umelima. Kaza!"

Kukataa kulitaka nitaje ufa. Nikakaza. Kwenye ule mguu nikaona rangi ikibanduka, na chini yake mstari mwembamba ambao asubuhi haukuwepo. Mzee akainama zaidi.

"Toka!" nikapiga kelele. "Toka hapo!"

Akaanguka kwa makalio kwenye tope. Wanawake waliokuwa wanaparua samaki wakasimamisha visu. Mkono wangu, kwa woga, ukamalizia mzunguko wenyewe, na kikombe kikatoka taratibu, kizima. Mguu haukukatika. Afadhali ungekatika: sasa nilikuwa nimemfokea mkwe hadharani bila sababu inayoonekana.

"Umenifukuza kwenye injini yangu," alisema.

Nikamweleza habari ya ufa, pamoja na nilivyoutumia kushusha bei. Akaipapasa pula kwa kidole gumba mpaka kidole kikasimama penye ufa.

"Ulijua. Nimeinamisha uso hapa mara ngapi?"

"Nne, baba."

Akauliza polepole, "Binti yangu anaishi kwako. Kuna nini kingine mle ndani ulichopata kwa bei ya chini?"

Nilianza kuhesabu kimoyomoyo: mtungi wa gesi, ngazi, breki za pikipiki inayompeleka mke wangu sokoni. Nilipofika kwenye breki niliweka spana chini, nikaomba simu nimpigie.