Shangazi Saloma na Karatasi Mbili

Shangazi Saloma hutengeneza tambi za kuuza, na nyumbani kwake usikae kwenye kiti kabla hujakitazama. Siku ya Jumatano tambi hukauka kila mahali, hata kwenye mgongo wa kiti cha Bibi. Ana miaka thelathini na minane na mikono mipana, na hucheka kabla hajamaliza kusimulia kinachochekesha. Yeye na Mjomba Atlee walikaa miaka kumi na mitatu bila kupata mtoto. Sikuwahi kumwona akilia. Nilichoona ni kwamba siku za ibada, mtoto wa yeyote yule aliishia kulala kwenye paja lake, na yeye hakuinuka hata mguu ukifa ganzi.

Mwaka jana, mwezi wa pili, walikuta ujumbe kwenye kibanda cha simu mwisho wa njia yetu, maana kanisa letu haliruhusu simu nyumbani. Bi. Renner, wa shirika linalotafutia watoto wazazi, ambako walikuwa wamejiandikisha, alisema kuna msichana wa miaka ishirini na minne anaitwa Darcy. Ana mimba ya miezi saba, na anataka mtoto wake aasiliwe. Karatasi za afya yake zinakuja kwa posta. Wazisome, wajibu ndiyo au hapana kabla ya Ijumaa saa sita mchana.

Zilifika Jumatano, nikiwa pale nakata tambi. Karatasi zote za nyumba ile huzisoma mimi. Si kwamba nimesoma sana, niliishia darasa la nane kama wote wa kanisa letu, ila mwandiko wangu unaeleweka na sikatizi watu. Nikasoma. Darcy ana kisukari tangu utotoni na hujidunga insulini. Miezi ya mwanzo hakujua kama ana mimba, na sukari yake ilikuwa juu. Alivuta sigara mpaka mwezi wa nne. Mama yake aliugua ugonjwa wa huzuni. Picha za tumboni zinaonyesha moyo wa mtoto uko sawa, kwa kadiri ulivyoonekana.

Mjomba Atlee ni mtu wa kununua na kuuza farasi. Alitoa penseli sikioni akaanza kutia alama pembeni, kama afanyavyo mnadani.

"Upande wa baba wa mtoto hakuna kilichoandikwa," alisema. "Na meno je?"

"Atlee, huyu si farasi."

"Nimeuliza tu."

"Weka hiyo penseli."

Bibi, mama yake Shangazi, alikuwa kwenye kipande cha pili cha pai ya tufaha. "Mimi hiyo sukari ndiyo inanitisha," alisema.

"Mama, wewe mwenyewe una sukari."

"Ndiyo maana naijua." Akajisogezea sahani.

Shangazi alivaa koti akaenda kibandani kumpigia daktari anayetibu watu wetu. Nilimsindikiza, nikashika tochi ili aone namba. Daktari hakumficha. Kati ya akina mama mia wenye sukari ya juu mwanzoni mwa mimba, alisema, labda sita au saba hupata mtoto mwenye kasoro, na mara nyingi ni ya moyo. Wengine huzaliwa wakubwa, na siku za kwanza sukari yao huweza kushuka ghafla, basi lazima waangaliwe. Uamuzi ni wenu, alisema.

Tuliporudi Shangazi alivuta trei za mayai akapanga mayai mia moja mezani. Kisha akatenga saba.

"Haya hapa," alisema.

Tukayatazama. Moja lilikuwa na unyoya.

"Sasa, Saloma," Mjomba aliuliza polepole, "letu likiwa humu?"

Dada yake Mjomba alizika mtoto aliyekufa kwa ugonjwa wa moyo, wa wiki tisa, na Shangazi ndiye aliyemshonea gauni la kuzikiwa. Mimi niliona macho yake yakienda kwenye cherehani. Kisha akayavunja yale saba kwenye bakuli, pamoja na mengine, akaanza kukanda.

Kesho yake ilibaki karatasi ya pili. Bi. Renner alikuwa amesema Darcy naye lazima asome afya ya ukoo wao, maana na yeye anachagua. Nikakaa na kalamu. Kushoto upande wa mke, kulia upande wa mume.

"Babu Yost, moyo," alisema Shangazi. Nikaandika kushoto.

"Babu Yost, moyo," alisema Mjomba.

"Nimeshamwandika," nikasema.

"Kwake. Na kwangu ni babu vilevile. Mwandike tena."

Ikawa hivyo asubuhi nzima. Wale wawili ni watoto wa mabinamu, Babu Yost akiwa babu wa wazazi wao, na kila mgonjwa alitokea pande zote mbili. Shangazi Orpha mwenye vidole sita, mara mbili. Mjomba wao mmoja aliyekuwa akiongea na kuku, mara mbili.

"Huyo hakuwa mgonjwa," Bibi alisema. "Alikuwa hana mtu wa kuongea naye."

"Mama, kuku walikuwa wanamjibu."

"Basi waandike kuku."

Shangazi alicheka mpaka akakalia tambi. Nilipoomba karatasi nyingine, Mjomba akanipa ya nyuma ya kalenda. Mwisho Shangazi aliuliza kama nimemaliza, nikampa aisome mwenyewe. Aliisoma yote, kicheko kikaisha kidogo kidogo.

"Atlee. Ungeletewa wewe hii, ungesemaje?"

"Ningempita, nikatazame farasi mwingine."

"Na humu ndimo tulimotoka."

Akafika chini kabisa, nilipokuwa nimeandika: mtoto wa kaka, sikio la kushoto halisikii tangu kuzaliwa.

"Mbona umejiandika kadogo hivi?"

"Nafasi iliisha."

Alinitazama, kisha akamtazama mumewe. "Huyu tungeambiwa kabla hajazaliwa, ungesema hapana?"

"Ningeuliza meno tu," alisema Mjomba.

Shangazi hakungoja Ijumaa. Alikwenda kibandani bila koti, nikamfuata nalo. "Ndiyo," alisema kwenye simu. "Na karatasi yetu inakuja. Mwambie akae chini akiisoma."

Wiki iliyofuata Darcy alipiga mwenyewe, saa waliyopanga. Nilisikia sauti yake hata kwa sikio langu moja, kwa jinsi alivyokuwa akicheka. "Nyie watu ni wabovu kuliko mimi," alisema. Halafu akauliza, "Lakini akizaliwa na moyo mbaya, mtafanya nini?"

"Tutampeleka kwa daktari," Shangazi alisema. "Halafu tutamrudisha nyumbani."

Mtoto alizaliwa mwezi wa nne, kilo nne na nusu, wa kiume. Sukari yake ilishuka kweli, akalala na mpira wa dripu siku mbili. Na kwenye moyo walikuta tundu dogo, ambalo daktari alisema huenda likajiziba lenyewe, na lisipojiziba litazibwa. Shangazi alikaa pembeni ya kile kitanda kidogo siku zote tatu ambazo sheria inampa mama afikiri tena. Darcy alifikiri, akatia sahihi, akaomba awe anakuja. Mtoto anaitwa Ura. Mjomba alimfungua kinywa siku ya kwanza akasema meno bado.

Darcy huja Jumapili ambazo hatuna ibada, maana sisi huabudu Jumapili moja, tunaruka moja. Juzi alitoa kipima sukari chake mezani kabla ya kula, Bibi akanyoosha kidole apimwe na yeye, kwa kutaka kujua tu. Darcy alitazama namba, akatazama sahani ya Bibi, akainyanyua pamoja na pai akampa Mjomba.

"Nani kamleta huyu msichana hapa?" Bibi aliuliza.

Shangazi alicheka bila kuinuka. Alikuwa na Ura pajani, amelala, na mguu ulikuwa umekufa ganzi.