Wimbo wa Sahani Iliyopotea

Sahani ya gramafoni ya memsabu ilipopotea, mtu wa kwanza kushukiwa nilikuwa mimi. Nilifanya kazi katika nyumba ya meneja, kwenye shamba la chai upande wa Kimulot, na ni mimi niliyezungusha mkono wa gramafoni kila wageni walipokuja. Sahani ile ilikuwa na wimbo wa mchezo wa jukwaani kutoka Ulaya, wa polepole, na memsabu aliupenda sana. Bwana meneja, mumewe, alipekua chumba changu, akainua hata godoro. Hakupata kitu, lakini kabati la gramafoni lilianza kufungwa kwa ufunguo, nami nikaanza kumtazama kila mtu vibaya.

Jumapili moja mchana nilipita kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi. Mtu mmoja wa kutoka ziwani, aliyefanya kazi kiwandani, alikuwa nje ya mlango wake akipiga kodiani. Nikasimama. Ulikuwa wimbo ule ule, ila ulikwenda haraka, na pale ulipotakiwa kutulia alipajaza vidole. Nikajua nimempata mwizi. Nilienda moja kwa moja kwa bwana.

Mtu yule aliitwa barazani, aje pamoja na kodiani yake.

"Sahani iko wapi?" bwana akamwuliza.

"Sina sahani, bwana. Hata gramafoni sina."

"Wimbo uliutoa wapi?"

"Hapa. Nilitumwa kukata ua wenu wiki mbili. Dirisha lilikuwa wazi."

"Piga tusikie."

Mara ya kwanza aliupiga kama ulivyo. Mara ya pili aliuacha njiani, akazunguka mbali mpaka nikadhani amepotea, kisha akaurudia bila kujikwaa. Bwana akasema huyu anatucheka. Memsabu akanituma nilete sahani moja aliyokuwa haipendi, ya bendi ya watu weusi wa Amerika. Nikazungusha mkono. Tarumbeta ilianza na wimbo wetu, ikauvunja, ikaujenga upya kwa namna yake.

"Hawa umewahi kuwasikia?" memsabu akamwuliza.

"Hapana." Alikuwa amesogea karibu na gramafoni. "Tafadhali, rudisha hapo katikati."

Bwana alimwachilia, lakini hakumwamini. Mimi pia sikumwamini, mpaka jirani mmoja Mzungu alipoleta sahani ikiwa imefungwa kwa gazeti. Memsabu alikuwa amemwazima, akasahau.

Nilikwenda kwenye laini kumwambia.

"Imeonekana," nikasema.

"Nilijua haiko kwangu." Akanitazama. "Ndugu, ulinishtaki kwa sababu nilipiga vibaya, ama kwa sababu nilipiga vizuri?"

Nilisema pole, akaitikia kwa kichwa tu. Tangu hapo, kila aliponiona nikija kwenye njia ile, aliacha wimbo aliokuwa akipiga, akapiga wa kanisa, ulionyooka, bila kuongeza chochote, mpaka nifike mbali.